Madansa waambiwe mapema kwamba wataimba

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika safu yako ya barua tuzungumzie vijana waliosomea ngoma na dansi, hasa wa hapa Bagamoyo, na namna wanavyoitwa kwenye usaili wa tamthilia za muziki. Tunaposema tamthilia ya muziki tuna maana ya mchezo wa jukwaani ambao kisa chake kinakwenda kwa maneno, nyimbo na miondoko kwa pamoja, si shoo ya msanii mmoja na madansa nyuma yake. Tangazo huandikwa "Wanahitajika madansa", basi. Kijana anafunga begi, anapanda gari alfajiri, anacheza vizuri mpaka anashangiliwa, kisha anaambiwa: haya, tuimbie. Anaimba wimbo wowote uliomjia kichwani, kwa kii isiyo yake, yaani wimbo umewekwa juu au chini kuliko sauti yake inavyofika, huku anahema. Anarudi nyumbani akiamini hana kipaji cha kuimba. Kipaji anacho. Hakuambiwa mapema, na mafunzo mengi ya dansi hayamfundishi mtu kuimba wakati mwili unafanya kazi.

Sisi tunafundisha miondoko na sauti. Tunataka kuyaweka wazi mambo ambayo kijana wa namna hii anapaswa kuyashughulikia kabla ya usaili wake wa kwanza, na mwisho tuna ombi kwa magazeti.

Mtaji wake si mdogo. Chuo cha Sanaa Bagamoyo kilianza mwaka 1981, na tangu 2007 kinaitwa Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, TaSUBa. Aliyesoma hapo amekutana na ngoma, maigizo na muziki chini ya paa moja. Na hata asiyepita chuoni, akiwa amekulia kwenye ngoma, amezoea kwamba anayecheza ndiye anayeitikia. Huko New York ilichukua muda mrefu kufika hapo. Majukwaa yalikuwa na kundi la kuimba na kundi la kucheza. Mwaka 1943, katika tamthilia ya muziki Oklahoma!, mtunzi wa dansi Agnes de Mille alitunga dansi ya ndoto iliyobeba kisa, lakini ndani ya dansi hiyo wahusika wakuu walichezewa na wachezaji wengine. Kufikia West Side Story ya mwaka 1957, iliyoongozwa na Jerome Robbins, vijana walewale waliopigana kwa dansi ndio waliosema na kuimba. Sisi vitu hivyo hatukuwahi kuvitenganisha.

Tofauti ni moja, lakini ni kubwa. Wimbo wa ngoma unaitikiwa na watu ishirini, na pumzi ikikukatika jirani anakubeba. Tamthilia ya muziki inakupa mstari wako peke yako, ukiwa ndiyo kwanza umetua kutoka hewani.

Kwa hiyo tuanze na pumzi, maana humo ndimo wengi wanamokwama. Dansa amefundishwa kukaza tumbo na kuinua kifua. Anayeimba anahitaji kiwambo, yaani ule msuli uliotandazwa chini ya mapafu, kishuke. Na hakiwezi kushuka kama tumbo na mbavu za chini havifunguki. Tumbo likibaki limekazwa, hewa inaishia juu ya kifua, mabega yanapanda, shingo inakakamaa, na sauti inatoka nyembamba kama ya mtu anayeogopa. Dawa yake si kulegeza mwili mzima, kwa kuwa mgongo utakosa nguzo na miruko itaharibika. Chukua kanga, ikunje iwe upande wa kiganja, uifunge kuzunguka mbavu za chini, si kiunoni, ishike bila kubana. Vuta pumzi mpaka uisikie ikikaza ubavuni na mgongoni. Kisha itoe kwa sauti ya "sss" ukihesabu mpaka 16, huku ukizuia mbavu zisianguke kwa ghafla. Baada ya wiki mbili tatu nenda 24. Mchezaji akijua kupumua kwa ubavu na mgongo, anaweza kulishika tumbo la chini na bado akaimba.

Kosa la pili ni kubana pumzi wakati wa kuruka. Msikilize mtu anavyotua: ukisikia mguno mfupi kooni, ujue alifunga koo hewani. Atoe pumzi anapotua, kila mara, hata katika mazoezi yasiyo na wimbo, mpaka iwe tabia. Wasomaji wa maulidi ya homu kule Unguja hupiga magoti kwa safu, wanayumba na kuinama, na sauti haikatiki, kwa sababu kuyumba na kupumua vimepangwa kuwa kitu kimoja. Dansa naye apange hivyo: mwili ukifunguka, vuta, ukishuka, toa. Noti ndefu isiwekwe kwenye hatua ya kujikunja tumbo. Ikiwa mtunzi wa dansi ameiweka hapo, mwambie kwa adabu siku ya kwanza ya mazoezi, usisubiri siku ya onyesho.

Wimbo mmoja wa dakika moja unatosha kuanzia. Uuseme kwanza kama maneno ya kawaida. Uuimbe umesimama. Uuimbe ukitembea kwa mapigo yake. Ongeza mikono, halafu miguu ya dansi bila kuruka, na mwisho kabisa miruko. Usipande ngazi inayofuata mpaka mtu aliyesimama hatua kumi na tano mbali aweze kukurudishia neno la mwisho la kila mstari. Maji yakipwa, mchanga mbichi ulioshikamana ufukweni ni mahali pazuri pa zoezi hili: kimbia polepole ukiimba, upepo wa bahari ukiwa mbele yako, na rafiki akusikilize kutoka mbali. Dakika 20 kila siku zina faida kuliko saa mbili za Jumamosi, kwa sababu misuli ya sauti nayo huchoka na kujengeka kama ya mapaja.

Ngoma zetu nyingi huchezwa kiwiliwili kimeinama mbele na magoti yamekunjwa. Ukiinama hivyo kisha ukanyanyua kidevu ili watazamaji wakuone, unaibana shingo kwa nyuma na sauti inasagika. Shingo ifuate uti wa mgongo. Inua macho, kidevu kiache. Jambo dogo hili linaweza kuokoa sauti ya mtu kwa msimu mzima.

Kiswahili chenyewe kina neema na mtego. Neema ni kwamba silabi karibu zote huishia kwa irabu, na irabu ndiyo inayobeba sauti. Mtego uko kwenye kitenzi. Nani, lini na kwa nani, vyote vimekaa mwanzoni, katika silabi fupi zisizo na mkazo. "Alinipenda" na "atanipenda" zinatofautiana kwa silabi moja tu. Mwili uliochoka hukimbilia mkazo, ulio kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na huzimeza zile za mwanzo. Aliyekaa safu ya nyuma anasikia "nipenda", hajui kama ni penzi lililokwisha au linalotarajiwa, na kisa kimempotea hapohapo. Sema mstari ukipiga kofi kwa kila silabi, a-ta-ni-pe-nda, makofi matano, kisha uuimbe bila makofi kwa uzito uleule. Kwenye karatasi yako andika alama ya V pale unapopumua, na iwe baada ya neno zima. Ukivuta pumzi katikati ya kitenzi umekivunja.

Kuhusu kutunza koo, kuna imani moja inayowapoteza vijana. Tangawizi, asali na ndimu havifiki kwenye nyuzi za sauti. Chochote unachokimeza kinapita njia ya chakula. Vinaweza kuburudisha koo, lakini havirekebishi sauti iliyochanwa na kelele. Kinachosaidia ni kunywa maji siku nzima, kuvuta mvuke wa maji moto, na kupasha sauti kabla ya kazi. Njia rahisi ni mrija: utumbukize sentimita mbili hivi ndani ya glasi ya maji, upulize huku ukitoa sauti ya "uuu", ukipanda na kushuka kama king'ora, kwa dakika tano. Mapovu yakitoka sawasawa, pumzi yako imetulia; yakikatikakatika, bado. Ukifanya mazoezi na wapigangoma, waombe wapunguze unapojifunza wimbo mpya, kwa sababu hakuna koo linaloshinda ngoma tatu na zumari. Sauti ikikwaruza zaidi ya wiki mbili au tatu, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo. Na kunong'ona si kupumzisha sauti. Pumzika kwa kunyamaza.

Sasa usaili wenyewe. Matangazo ya nje mara nyingi huomba vipimo 16 au 32 vya wimbo. Dansa amezoea kuhesabu nane, mwanamuziki anahesabu kipimo cha mapigo manne, na hapo ndipo wanapopishana. Vipimo 16 ni hesabu nane za nane, yaani mapigo 64. Kwa mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, hizo ni sekunde 32 tu. Vipimo 32 ni kama dakika moja na sekunde nne. Kijana anayefikiri ni hesabu kumi na sita za nane huja na kipande kirefu mara mbili ya kilichoombwa, na anakatwa kabla hajafika pazuri. Chagua sehemu ya mwisho ya wimbo, ambapo hisia zimekwisha kupanda, uikate mwenyewe nyumbani. Na kama wimbo unatembea kwa mapigo matatu au sita, kama zilivyo nyingi za ngoma zetu, hesabu upya usije ukakosea.

Kii nayo ichaguliwe kwa uangalifu. Biti ya kuimbia inayopatikana mtandaoni imo kwenye kii ya mwimbaji wa awali, na mara nyingi si yako. Tafuta noti ya juu kabisa unayoifikia asubuhi bila kupiga kelele. Ikiwa unafika la, noti ya juu kabisa ya wimbo wako iwe fa, kwa do ileile. Zile noti mbili za akiba utazihitaji, kwa sababu kawaida madansa hucheza kwanza ndipo huitwa kuimba, na koo la mtu aliyetoka kucheza haliendi juu kama la aliyepumzika. Jipime hivyo nyumbani: cheza dakika tatu kwa nguvu zote, hesabu mpaka 30, imba. Wimbo usiostahimili jaribio hilo uache, hata kama unaupenda.

Biti iwe imepakuliwa kwenye simu, si ya kusubiri mtandao, na nakala nyingine iwe kwenye flashi. Kata utangulizi ubaki mapigo manne. Washa hali ya ndegeni, la sivyo simu itaita katikati ya mstari wako. London na New York kwa kawaida kuna mpiga piano anayeziona karatasi zako kwa mara ya kwanza. Mwekee alama wazi ya mwanzo na mwisho, na umpe mwendo kwa kumwimbia taratibu mstari mmoja. Usimpigie vidole. Anayesoma solfa (do, re, mi) peke yake aanze mapema kujifunza kusoma noti za mistari mitano, maana huko ndizo zinazotumika.

Kwenye dansi, kipande huwa kifupi, hesabu nne hadi nane za nane, na kinafundishwa haraka. Halafu mnaitwa watatu watatu au wanne wanne. Makosa ya waliosoma dansi vizuri yanafanana: wanatazama miguu ya mwalimu badala ya kusikia anachosema kuhusu mhusika, na wanacheza kwa nguvu kamili tangu mara ya kwanza kabla hawajajua hatua inatoka wapi kwenda wapi. Mtunzi akisema "hapa mmetoka kunyimwa mshahara", hilo ni agizo la miondoko kama lilivyo agizo la mguu wa kulia. Ukikosea, endelea. Uso unaosema "nimekosea" huonekana kabla ya kosa lenyewe.

Viatu vinahitaji maneno zaidi, kwa sababu wengi wetu tumejifunza pekupeku. Kisigino cha sentimita tano hadi saba kinausukuma uzito mbele ya unyayo na kufupisha misuli ya nyuma ya mguu. Ukikivaa kwa mara ya kwanza siku ya usaili, utatembea kama mtu aliye kwenye ngazi. Tafuta mitumbani kiatu kilichofunika vidole, chenye mkanda juu ya unyayo na kisigino kipana kilichosimama wima chini ya kifundo. Mpelekee fundi viatu akipige misumari ya kisigino kutokea ndani, kisha abandike ngozi laini, upande wenye manyoya ukiwa nje, juu ya soli ya mbele. Soli ya raba hung'ang'ania sakafu: mwili unageuka, mguu unabaki, na goti ndilo linalolipa. Anza dakika 15 kwa siku. Wanaume nao wasifanye mazoezi ya kuzunguka kwa raba za kukimbilia, kwa sababu hiyohiyo. Na miruko mingi juu ya saruji huleta maumivu ya muundi yasiyoisha. Ipunguze, au ifanyie kwenye mbao.

Liko la kuigiza wimbo. Dansa akipewa mstari "moyo wangu unauma" hushika kifua. "Nenda zako" hunyoosha mkono. Mikono inarudia maneno, na mtazamaji hapati kitu kipya. Simama kwa miguu miwili, mikono imelala, ujiulize unamwambia nani na unataka afanye nini. Ubeti wa kwanza unaweza kuwa kubembeleza, wa pili kushtaki, wa tatu kuaga. Mwili uliofunzwa utajisogeza wenyewe pale maneno yanaposhindwa, na ndipo dansi inapopata sababu ya kuanza.

Pia dansa asidharau kuitikia kwa sauti tofauti. Kundi la tamthilia huimba kwa sauti tatu au nne, na dansa asiyezoea huteleza akarudi kwenye sauti ya kwanza. Kwaya ya kanisani ni shule nzuri ya hilo. Kwa asiyeimba kwaya, arekodi sauti yake ya pili kwenye simu, kisha rafiki amwimbie ya kwanza sikioni huku yeye anashikilia yake, wakitembea pamoja.

Kuna kazi moja ambayo dansa aliyesoma anaifaa kuliko mtu yeyote, nayo ni ya mchezaji wa akiba anayejua nafasi za watu wengi. Broadway, yaani kwenye majumba makubwa ya maonyesho ya New York, tamthilia kawaida huwa na maonyesho manane kwa wiki, na haiwezekani wote wawe wazima siku zote. Mtu wa akiba huweka daftari. Ukingo wa mbele wa jukwaa hupigwa namba: sifuri katikati, kisha moja, mbili, tatu kulia na kushoto kwa umbali ulio sawa. Kwa kila wimbo anaandika nani yuko namba ngapi, anatoka hesabu ya ngapi, anapita mbele au nyuma ya nani, anaimba sauti ipi. Anayejua nafasi yake kwa kumtazama jirani hupotea siku jirani asipokuja. Vikundi vyetu vikianza kubandika namba hizo kwa utepe kwenye sakafu ya mazoezi, gharama yake ni utepe tu.

Kwenye wasifu, ukurasa mmoja unatosha: urefu wako kwa sentimita, sauti yako, lugha, ala, na ngoma ambazo ukiambiwa "tuoneshe sasa hivi" unazicheza. Usiandike "ngoma zote za Tanzania". Picha iwe ya uso, mwanga wa asubuhi, bila rangi za jukwaani. Na kikundi kinachotaka kuigiza kazi ya mtu kitafute kibali cha mwenye haki kabla ya kuanza mazoezi. Kupewa ruhusa ya kuonyesha jukwaani hakumaanishi ruhusa ya kurekodi na kuweka mtandaoni.

Ombi letu, Ndugu Mhariri, ni hili. Tangazo la usaili likiletwa kwenye meza yenu, mwulizeni mleta tangazo: wataimba au hawataimba, na kama wataimba, ni vipimo vingapi na kwa lugha gani, kutakuwa na mpiga kinanda au waje na biti, waje na viatu gani, mavazi ya onyesho yakoje, maana wapo wazazi wanaotaka kujua hilo kabla ya nauli kutolewa, mazoezi ni ya wiki ngapi, na malipo ni ya mazoezi na maonyesho au maonyesho peke yake. Majibu yote hayo yanaingia katika mistari sita, na kijana wa Bagamoyo akiyasoma wiki tatu kabla, anao muda wa kupunguza kii na kumwona fundi viatu.

Walimu wa miondoko na sauti,
Bagamoyo, Pwani.